Kununua Kompyuta kwa Desturi ya Ng'ombe

Abdiel Sumari alikuwa ameishi muda wa kutosha kujua kwamba kitu kinachosifiwa sana aghalabu kina mtu anayetaka kukiuza. Katika miaka yake yote ya kazi, akiwa bwana mifugo kwenye vijiji vya miteremko ya Meru, aliwasikia wafugaji wakiapa kwa majina ya babu zao kwamba ng'ombe fulani anajaza ndoo. Kisha aliinama mwenyewe chini ya ng'ombe huyo na kuona kikombe. Hakuwachukia watu hao. Aliwachukulia kama mawingu yanayokaa kileleni: ni sehemu ya mahali, na mtu mzima hutoka na mwavuli.

Kwa hiyo mkewe Anande alipomwambia kwamba anataka kumuuza ng'ombe wake ili anunue kompyuta, Abdiel hakugombana. Aliweka kikombe mezani, akavua miwani.

"Mama Irine, ng'ombe anakula majani, anatoa maziwa. Hicho chombo kinakula umeme. Kinatoa nini?"

"Kinatoa karatasi, Baba Irine."

"Karatasi haziliki."

"Wewe umelipwa karatasi maisha yako yote, na sijakuona ukifa njaa."

Ng'ombe alikuwa mali ya Anande. Alimnunua kwa kiinua mgongo, serikali ilipoliuza shirika la umma alimokuwa mpiga chapa, na mwekezaji akaja na mitambo yake na watu wake. Abdiel hakuwa na haki juu ya ng'ombe huyo isipokuwa haki ya kushauri, na ushauri hutolewa bure kwa sababu inayoeleweka. Isitoshe, Anande hakuwa akiota ndoto za mchana. Tangu akae nyumbani Olasiti alikuwa amejifunza kompyuta katika darasa la jioni la usharika, na alikuwa amenunua printa iliyotumika kwenye mnada wa vifaa vya ofisi. Mwalimu Pudensiana, mkuu wa shule ya msingi ya binafsi iliyo jirani, alikuwa amemwahidi kazi ya kuchapa mitihani yote ya muhula, kuanzia Jumatatu. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa neno moja. Jumatatu ikifika Anande hana kompyuta, kazi ingekwenda mjini, na ikishakwenda mjini isingerudi.

Ng'ombe akauzwa. Mnunuzi alifuata desturi yote ya kumjaribu ng'ombe kabla ya kulipa, na Abdiel alimheshimu kwa hilo. Sasa nyumba haikuwa na maziwa wala kompyuta, na ilikuwa Ijumaa.

Swali la aina gani ya kompyuta lilikuwa limekwisha kuamuliwa na nyumba yenyewe. Anande angefanyia kazi kwenye baraza ya mbele, iliyozibwa kwa mbao, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani. Kompyuta kubwa za kawaida, zenye kasha lililosimama kama kabati la vyombo, zilikuwa rahisi kuliko zote, lakini moja tu ingeijaza meza yote na kumwacha mchapaji akichapa magotini. Tena kila jioni mashine ingepaswa kuingizwa chumbani, kwa sababu mbao za baraza zilikuwa za kuzuia upepo, si wezi. Zile za kukunja kama kitabu zingefaa sana, na bei yake ilikuwa ng'ombe wawili na nusu. Ikabaki aina moja: kompyuta ndogo ya mezani, kasha la ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, ambalo mwanamke mmoja angeweza kulibeba kwenye kikapu. Mpya yake nayo iliwashinda. Mtumba wake kutoka Ulaya uliuzwa na Mahendra.

Duka la Mahendra lilikuwa karibu na soko kuu. Baba yake aliuza vitambaa hapo. Zama za uhaba mzee huyo aliuza chochote kilichopatikana, na mara nyingi hakikupatikana. Milango ya biashara ilipofunguliwa, mwana akaleta kompyuta, na kwenye kibao cha duka neno "vitambaa" bado lilichungulia chini ya rangi mpya. Mahendra na Abdiel walikuwa wa rika moja na walifahamiana kwa sura, kama watu wa mji wanavyofahamiana.

"Karibu, Mzee Sumari. Karibu, mama. Habari za Olasiti?"

"Ni nzuri mpaka sasa," alisema Abdiel.

Mahendra aliweka mashine mbili juu ya kaunta, kila moja na kioo chake na kibodi chake. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Bei yake ilikuwa fedha yote waliyokuja nayo. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imebonyea pembeni, na ubavuni ilikuwa na karatasi iliyobanduliwa nusu yenye jina la shule ya nchi ya mbali ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Hiyo ilikuwa na bei pungufu kidogo, na upungufu huo ungetosha wino na karatasi. Bila wino na karatasi, Anande asingechapa hata herufi moja ya mtihani.

"Chukua hii nyeusi," Mahendra alisema. "Hii ya kijivu ni nzuri, lakini nyeusi ni nzuri zaidi. Angalia inavyowaka." Akaiwasha. Kioo kikang'aa, wimbo mdogo ukalia. "Umeona? Dakika moja tu."

Anande alikuwa tayari anafungua mkoba. Abdiel aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, kama alivyozoea kukiweka kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Mara ya mwisho iliwashwa lini?"

"Juzi, labda. Kwa nini?"

"Kule kwetu," alisema Abdiel, "mtu akitaka kukuuzia ng'ombe mbovu, hamkamui tangu jana. Ukifika unakuta kiwele kimejaa, maziwa yanaruka yenyewe. Unalipa, unaondoka naye, kesho unapata kikombe. Kwa hiyo sisi hatununui kiwele. Tunakuja jioni, tunaona ng'ombe akikamuliwa mpaka tone la mwisho. Asubuhi tunarudi kabla hajakamuliwa tena. Maziwa ya asubuhi ile ndiyo ng'ombe mwenyewe. Yale ya kwanza ni hotuba."

Mahendra alimtazama Anande. "Mama, huyu mzee anataka kuikamua kompyuta yangu?"

"Mimi nimekaa naye miaka ishirini na sita," alijibu Anande. "Ukibishana naye tutalala hapa."

"Mashine iliyopumzika hufanya kazi vizuri kwa dakika moja," aliendelea Abdiel, bila kubadilisha sauti. "Hata mimi. Tunataka kuiona kutwa. Mke wangu atakaa hapa achape, na ikifika jioni tutazungumza bei."

"Na umeme wa kutwa atalipa nani?"

"Mwenye ng'ombe ndiye anayemlisha mpaka siku anayouzwa."

Mahendra aliangalia mlangoni. Wateja wengine hawakuwapo. Akavuta kiti. Lakini mtu hawezi kuchapa utupu kutwa nzima, kwa hiyo Anande aliuliza kama dukani kuna kitu chochote cha kuchapa. Kilikuwapo. Binti wa Mahendra, Dhara, alikuwa anaolewa mwezi uliofuata, na ratiba ya sherehe, kadi za mwaliko na majina ya wageni vilikuwa vinamngoja mpwa mmoja aliyekuwa akisema "kesho" tangu mvua za vuli. Mahendra akaleta rundo la karatasi. Anande akaomba disketi, akavua koti, akaanza.

Alichapa kama watu waliofundishwa kwa mashine za chuma wanavyochapa: mgongo wima, macho kwenye karatasi, vidole vikipiga kibodi kana kwamba kina deni. Abdiel alikaa kwenye kigoda akisoma gazeti la juzi, na kila baada ya muda aliweka kiganja ubavuni mwa lile kasha jeusi. Lilikuwa vuguvugu. Baadaye likawa la moto. Kabla ya adhuhuri, Anande akiwa katikati ya akina Patel, kioo kikazimika bila kuaga.

Mahendra akainuka haraka. "Umeme huo."

Taa ya dukani ilikuwa inawaka. Wote watatu waliitazama kwa muda mfupi, kwa adabu.

Akaliwasha tena kasha. Likawaka, likafikiri, likazimika. Akalifungua kwa bisibisi: feni iliyokuwa ndani, ndogo kama kifuniko cha chupa, ilikuwa imevikwa vumbi mfano wa sufi, inazunguka kwa kukumbuka tu kwamba zamani ilizunguka.

"Hii ni kusafisha tu," alisema Mahendra. "Na nani anafanya kazi saa zote hizo bila kupumzika?"

"Mimi," alisema Anande.

"Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele naye hutibika," alisema Abdiel. "Ila hanunuliwi siku hiyo. Lete huyo wa kijivu."

Majina hayakupotea, kwa kuwa Anande alikuwa akihifadhi kila ukurasa kwenye disketi. Alihama na disketi yake, akaendelea na akina Patel pale alipowaachia. Mchana mke wa Mahendra, Madhu, aliyekuwa akiishi ghorofani na kusikia yote kupitia ngazi, aliteremsha chai ya tangawizi na bajia. Wanaume wawili wakala wakizungumzia bei ya saruji, na wakakubaliana kwamba soko huria ni kitu kizuri kwa mtu ambaye tayari ana soko. Abdiel alipeleka kiganja kwenye kasha la kijivu. Lilikuwa vuguvugu. Saa tisa lilikuwa vuguvugu vilevile. Saa kumi na moja, Anande alipochapa jina la mgeni wa mwisho na kunyoosha vidole, lilikuwa vuguvugu kama paja la ndama mwenye afya, na Abdiel alijikuta akilipapasa bila sababu ya kitaalamu.

"Tunachukua hii," alisema.

"Vizuri," alisema Mahendra, akataja bei. Ilikuwa ileile ya mashine nyeusi. Fedha yote.

"Asubuhi ilikuwa pungufu," alisema Anande.

"Mama, asubuhi nilikuwa nauza kompyuta nisiyoijua. Sasa naijua. Imekamuliwa kutwa, mashahidi tupo. Mzee Sumari, wewe ndiye mwalimu wangu. Huko kwenu ng'ombe ambaye watu wamemwona akikamuliwa, asubuhi na jioni, bei yake ni ileile ya ng'ombe wa kusimuliwa?"

Abdiel alitafuta kosa katika hoja hiyo. Alilitafuta kwa uaminifu, kushoto na kulia, na hakulipata.

"Si ileile," alikiri. "Hupanda."

Anande alimtazama kama mke anavyomtazama mume aliyeitwa kuwa shahidi wake, kisha akautolea ushahidi upande wa pili. Fedha yote ikienda hapo, wino haupo, karatasi hazipo, na Jumatatu mwalimu Pudensiana angepokelewa na kasha zuri lisilo na la kusema.

"Baba Irine," alisema taratibu, "kwa kuwa leo unasema kweli tu, endelea. Maziwa ya siku ya kumjaribu ng'ombe huchukua nani?"

"Mwenye ng'ombe."

"Na anayekamua ni nani?"

"Mwenye ng'ombe vilevile. Mnunuzi husimama akatazama."

"Mnunuzi akikamua yeye?"

Abdiel alifikiri. Jambo hilo alikuwa ameliona mara moja tu, huko Nkoaranga, kwa mfugaji aliyevunjika mkono. "Basi hugawana. Mtu hawezi kuketi, akakamuliwa ng'ombe wake, akanywa yote peke yake. Watu wangemcheka."

Anande aliitoa disketi kwenye mashine, akaishika kwa vidole viwili. "Bwana Mahendra, hapa ndani kuna ratiba yako, kadi zako, na wageni wako wote mpaka wale wa Nairobi. Umeketi kwenye kiti, nimekukamulia. Sitaki kugawana. Nataka bei ya asubuhi tu."

"Ee Mzee Sumari," Mahendra aliguna, "huyu mwanamke ulimtoa wapi?"

"Machame."

"Ungeniambia mapema."

Kabla hajasema zaidi, ngazi zililia. Madhu alishuka akiwa na miwani puani, akaomba aone, na Anande akarudisha disketi na kumfungulia ukurasa wa kwanza kwenye kioo. Madhu alisoma jina la binti yake, likiwa katikati ya mstari, kwa herufi kubwa, bila kosa. Alisoma mpaka chini. Akamgeukia mumewe, akasema maneno machache ya Kigujarati ambayo hayakuhitaji mkalimani, kisha kwa Kiswahili: "Mpe bei ya asubuhi. Na umfungie vizuri."

Mahendra akaifunga vizuri.

Jumapili baada ya ibada waliipanga baraza. Anande alileta kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono, mwenza wa vile vilivyofunika redio, runinga na kila kiti cha sebuleni, akakitandaza juu ya kasha la kijivu kama heshima ya nyumba inavyodai. Abdiel alikiondoa, akakikunja mara mbili, akakilaza chini ya kasha.

"Liache lipumue," alisema.

"Umeanza kuliamini?"

"Sijaamini kitu. Nimekiona kikifanya kazi kutwa. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Jumatatu saa moja na nusu mwalimu Pudensiana alifika na maswali ya Hisabati ya darasa la sita, yameandikwa kwa mkono ambao kwa mwanafunzi wake ungekuwa kosa. Hakuketi. Alisema atarudi saa nane, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizia bei mjini. Anande akachapa, printa ikatema kurasa moja baada ya nyingine, na Abdiel akapewa kazi ya kuzisoma kutafuta makosa. Alizisoma zote, kwa matumaini kiasi. Katika swali la kumi na tisa alikuta mkulima aliyegawa magunia saba kwa watoto watatu ili kila mmoja apate sawa, asibakize gunia wala kufungua gunia. Kosa hilo lilikuwa la mwalimu, si la mchapaji, na alilizungushia duara kwa kalamu ya risasi.

Saa nane mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Wa pili aliusoma akiwa amekaa. Alipofika kwenye duara, aliangalia magunia yale kwa muda mrefu, kisha akauliza, bila kuinua macho, kama mama angeweza kuchukua na mitihani ya darasa la saba, na kama huyu mzee wa kusoma yumo katika bei.

"Yumo," alisema Anande.

Abdiel hakuulizwa. Akavuta kiti karibu na meza ya cherehani, akafuta miwani yake kwa ncha ya shati, akanyoosha mkono kupokea ukurasa unaofuata.