Tatra ya Baba

Drahomira alijifunza kushona makoti katika kiwanda cha nguo pale Prostějov, na kiwanda kilipofungwa akahamia kwenye viti vya magari. Wateja walimletea viti vya malori, vya trekta, hata vya basi la timu ya hoki. Vyote alivipokea. Lakini gari alilotamani kulishika kwa mikono yake lilikuwa moja tu, nalo lilikaa kwenye banda la mama yake chini ya turubai tangu baba alipofariki.

Lilikuwa Tatra jeusi, injini yake nyuma, na kiti cha mbele kirefu kama benchi. Baba aliliendesha miaka mingi kama dereva wa mkurugenzi, na lilipochakaa akauziwa yeye. Alipokwenda kaburini, panya wakahamia kwenye kiti cha nyuma na nondo wakaila dari yake ya kitambaa.

Msimu mmoja wa vuli, mdogo wake Ctibor, ambaye ni fundi makanika, alimjia akiwa na mikono myeusi kwa grisi na uso umemjaa tabasamu.

“Dada, injini imekubali. Sasa mzigo ni wako.”

“Na likishakamilika?”

“Likishakamilika tunampakia mama, tunampeleka makaburini kwa baba. Halafu linarudi bandani. Hili ni la nyumbani, dada. Haliendi popote.”

Mama yao, bibi Anežka, alikuwa amekaa pale mezani akimenya tufaha. Alitikisa kichwa kukubali, wala hakuinua macho.

Majira ya baridi yote Drahomira alikuwa ndani ya gari lile. Alikifumua kiti cha nyuma taratibu, kila kipande cha zamani akikitumia kama kipimo cha kukatia kipya. Manyoya ya farasi yaliyojaa ndani ya kiti aliyafua kwenye bafu lake na kuyaanika karibu na jiko, nyumba ikanuka zizi mpaka jirani akaja kuuliza. Springi alizifunga moja moja kwa kamba ya katani. Kitambaa cha sufu ya kijivu chenye mistari myembamba, kama kile cha awali, alikitafuta mpaka akakipata kwa mjane wa fundi mmoja huko Brno. Dari ndiyo iliyomtoa jasho. Aliivuta akiwa amepiga magoti, shingo imepinda, gundi ikimdondokea kwenye nywele. Ilipojikunja mahali padogo karibu na kioo cha nyuma, aliibandua yote akaanza upya.

Ctibor alikuwa akija na bia, anachungulia mlangoni.

“Dada, unashona gari au unamshonea bibi harusi?”

“Bibi harusi gauni lake ni la siku moja. Ondoka kwenye mwanga wangu.”

Alipokamilisha ilikuwa masika, miti ya cheri imechanua. Mama akaletwa, akaingizwa kiti cha nyuma. Alipapasa kitambaa kwa kiganja, kisha akaanza kulia. Drahomira alimkumbatia, na yeye machozi yakamtoka. Alidhani wanalia jambo moja.

Jumamosi waliyopatana kwenda makaburini, alifika na sahani ya mikate ya jibini na plamu aliyoioka alfajiri. Banda lilikuwa wazi, sakafuni hamna kitu ila doa la mafuta. Mama alikuwa jikoni na aproni yake, hajavaa koti wala viatu.

“Ctibor amelipeleka wapi gari?”

“Keti kwanza, mwanangu.”

“Nimesimama vizuri tu, mama. Wapi?”

“Kwa mwenyewe. Bwana Zapletal wa Olomouc. Walikubaliana kabla ya Krismasi.”

Drahomira aliiweka sahani mezani. Kabla ya Krismasi alikuwa hata kitambaa hajakipata.

“Kwa hiyo muda wote niliokuwa nimepiga magoti mle ndani, lilikuwa la mtu?”

“Ctibor alisema ukijua hutalishona kwa moyo.”

“Na wewe ulisemaje?”

“Nilitia saini.” Mama alijifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. “Ndugu yako ana shida zake, Drahomira. Karakana inamwelemea, watoto wake wapo shule. Wewe hujawahi kuwa na shida. Wewe unajiweza.”

Hilo la kujiweza ndilo lililomchoma kuliko saini yenyewe. Alilisikia tangu utotoni, na kila mara lilikuja pale ambapo kitu chake kilikuwa kinachukuliwa.

Ctibor aliporudi kwa basi, alimkuta dada yake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale bandani.

“Ungekataa,” akasema, hata hajasalimia.

“Ningekataa, ndiyo.”

“Basi ndiyo sababu. Fungu lako lipo, dada. Sikudhulumu.”

“Kaa nalo.”

Wiki iliyofuata alikwenda Olomouc. Bwana Zapletal, daktari wa meno aliyestaafu, alimfungulia geti na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Hatimaye nakuona. Kaka yako alinieleza ulivyofurahi gari kupata mtu wa kulitunza. Yale maua niliyompa akuletee yalikupendeza?”

“Sikuona maua.”

Mzee alimtazama vizuri, na taratibu uso wake ukabadilika. “Hukujua,” akasema.

“Sikujua.”

Drahomira aliomba aketi ndani ya gari kidogo. Mzee alimfungulia mlango akasogea mbali, akajifanya anakata maua ya waridi. Drahomira alikaa nyuma, akaegemea. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo hakuweza kujidanganya. Aliposhuka, mzee alijitolea kuwaendesha yeye na mama yake mpaka makaburini, siku yoyote watakayo.

“Ahsante, bwana. Safari ile ilikuwa yetu. Litunze tu, na usiliegeshe juani, sufu itapauka.”

Drahomira hakumwacha mama yake. Aliendelea kumpeleka kwa daktari, akimfunga mkanda wa gari, akimnunulia dawa. Lakini njiani walizungumza habari za mvua na bei ya mayai, wakifika mlangoni anamshusha na kugeuza gari. Siku moja mama alisema, “Huyo ni mdogo wako. Msamehe.”

“Na mimi ni nani wako, mama?”

“Mvua inakuja,” akasema bibi Anežka.

Vuli ilipoingia, Ctibor alikuja kwenye kibanda cha Drahomira na kiti cha Škoda ya zamani begani. Alikitua mezani kama vile hakujatokea kitu.

“Nimepata nyingine, dada. Safari hii nakwambia mapema: ni ya mteja.”

Drahomira alibonyeza kiti kwa vidole, akasikiliza. “Springi mbili zimekatika. Mpelekee Nezval wa Vyškov.”

“Nezval hashoni kama wewe.”

“Najua,” akasema, akakanyaga cherehani. Ilinguruma mpaka mdogo wake akakibeba kiti chake na kutoka.