Mkebe wa Agneta

Ijumaa ya tarehe kumi na nane Desemba, mwaka wa 1987, saa tatu na robo asubuhi, Agneta alikuwa jikoni kwake nje kidogo ya Kiminini akisaga njugu za wajukuu. Mambo yaliharibika saa tatu na nusu. Alishika tumbo upande wa kulia, akaachilia mkono wa mashine, akamwita mumewe Wekoye, aliyekuwa nje akinoa panga, akamwambia asiache kuku waingie kwenye njugu. Halafu akakaa chini. Hapo ndipo Wekoye alipoacha panga, maana Agneta hakuwa mtu wa kukaa kabla kazi haijaisha.

Mashine yenyewe ilikuwa ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, ina mdomo mpana juu na skrubu ya kuibana kwenye ukingo wa meza. Agneta aliinunua Kitale kwa mama mmoja mzungu aliyekuwa akifungasha vyombo uhuru ulipokaribia, ndiyo maana akaiita Memsabu. Alikuwa na mwiko wake aliouchonga baba yake, alikuwa na chujio la chai alilolishona mara mbili kwa uzi wa nailoni, lakini hakuna chombo alichokipenda kama Memsabu. Ikikwama alisema, "Leo Memsabu ana mafua," akaipiga mgongoni kama mtoto.

Kila Desemba alisaga njugu za kukaanga, akatia chumvi na asali kidogo ya mlimani, akajaza mikebe ya siagi aliyoiosha, mmoja kwa kila mjukuu. Jina la mjukuu alilikwaruza ubavuni kwa msumari. Na wakati wa kusaga aliliita jina hilo kwa sauti, tena na tena, ili njugu zijue zinakwenda kwa nani.

"Njugu zina masikio?" Wekoye alikuwa akimuuliza.

"Si wewe huwa unaongea na ng'ombe?"

Siku hiyo Wekoye alimpeleka mkewe zahanati kwa mkokoteni. Landrova ya zahanati ilikuwa imeegeshwa chini ya mti wa saiprasi. Mkuu wa zahanati, Jairus, ambaye walikaa naye benchi moja kanisani, alimbonyeza Agneta tumbo, akasema hili ni la hospitali kubwa ya Kitale, na ni la kupasuliwa leo hii.

"Basi twende," Wekoye akasema.

"Gari liko, mzee. Mafuta ndiyo hakuna. Lakini yanaletwa sasa hivi, ngoja tu."

Agneta alikuwa amelazwa kwenye benchi, macho ameyafumba, homa imempanda. Alichosikia ni mafuta.

"Si njugu ziko nyumbani?" akasema, kwa ile sauti ya mtu anayewasaidia watoto kutafuta kitu kilicho mbele yao. "Mwambie nitasaga. Mafuta yatatoka."

Jairus alicheka kidogo, kwa adabu. Walingoja. Walingoja mpaka saa kumi, Agneta akakata roho palepale kwenye benchi. Wekoye alipotoka nje kutafuta wa kumsaidia kumbeba, chini ya saiprasi palikuwa na kivuli na alama za magurudumu.

"Gari liko wapi?"

"Limesukumwa," Jairus akasema.

"Limesukumwa mpaka wapi?"

Jairus aliingia ndani kutafuta shuka.

Mwaka uliofuata Wekoye aliutumia kulaumu. Shule aliiachia darasa la pili, lakini kulaumu alikuwa na digrii. Alimlaumu chifu, diwani, mbunge, na watu wa Nairobi ambao hakuwajua hata kwa sura. Mvua ikichelewa alisema imeitwa mkutanoni. Watu waliacha kupita kwake kusalimia, wakaanza kuzungukia kwa mto.

Mwezi wa tatu binti yake Nakhungu, aliyeolewa Bungoma, alijifungua msichana. Mtoto alilia siku tatu bila kunyamaza, ikabidi wazee waketi wamwitie majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka jina lake lipatikane. Waliposema Agneta, akapiga chafya, akalala. Basi akawa Agneta.

Krismasi ilipokaribia Nakhungu alituma salamu kwamba atakuja na watoto wote watatu, na kwamba baba asijisumbue na mambo ya mikebe. Aliyeleta salamu alikuwa mtu wa kusema yote. Akaongeza kwamba Khaemba, yule wa kati, ameuliza kama Kukhu, nyanya yake, hayuko na mikebe haiko, huko Kiminini wanaenda kufanya nini. Wekoye alimshukuru, akampa viazi vitamu. Alipoondoka, mzee aliingia jikoni akaipangusa meza. Wasipokuja Krismasi hiyo, alijua, hawatakuja tena. Watakuja kumzika.

Jumatano tarehe ishirini na moja alivaa leso ya marehemu kiunoni, akaingia jikoni. Njugu za kwanza ziliungua, akawapa kuku. Za pili zikatoka sawa. Mkebe wa Sally, mjukuu wa kwanza, aliujua kwa kutu na wa Khaemba kwa pale ulipobonyea. Taabu ilikuwa mkebe wa mtoto. Kuandika jina la herufi zote hizo kulimshinda. Ndipo akakumbuka mkebe wa chumvi pale kwenye rafu. Agneta aliukwaruza jina lake mwenyewe, ili jirani akiazima arudishe. Jina ni lilelile. Wekoye alimwaga chumvi, akauosha mkebe, akauanika. Aliona ameokoa kazi.

Akaita, "Sally, Sally," Memsabu ikatoa njugu laini, rangi ya udongo wa Kitale. Akaita, "Khaemba," zikatoka vilevile. Akamimina gorogoro ya tatu, kile kibati cha kupimia, akauweka ule mkebe pale njugu zinapotokea, akazungusha.

"Agneta," akaita. "Agneta. Agneta."

Ikatoka dizeli.

Wekoye aliijua dizeli. Alikuwa turniboi, msaidizi wa dereva wa trekta, miaka kumi na moja. Aliinusa, akaisugua kati ya vidole. Ilikuwa safi, haina maji. Akaikemea mashine, akaifungua, akaiosha kwa majivu na maji moto, akaikausha juani, akaifunga tena. Alipoita Khaemba zilitoka njugu. Alipoita Agneta ilitoka dizeli. Kufikia saa tisa gorogoro moja ya njugu ilikuwa imejaza debe zima, na yeye alikuwa amekasirika kwa sababu ya njugu.

Nakhungu aliwasili Ijumaa na watoto. Hakupita hata mlango wa jikoni.

"Baba, umetia nini humu?"

"Njugu."

"Hii si ni dizeli?"

"Najua ni dizeli. Mimi nauliza, ni ya nini?"

Nakhungu aliweka mtoto mgongoni vizuri, akaangalia ule mkebe, akasoma jina. "Huu ni wa mama," akasema.

"Jina si ni moja?"

"Jina ni moja, lakini mkebe una mwenyewe. Hebu mwite Bebi, tuone."

Waliita Bebi. Memsabu ikakwama kabisa, ikakataa hata kurudi nyuma. Nakhungu alisema basi, mtoto hana meno, asubiri. Lakini Wekoye aliliona hilo kuwa jambo baya, kwamba wenzake wawili wamefungiwa mikebe yao kwa karatasi ya kaki na kamba ya mkonge, na huyu aliyebeba jina la mwenye mashine ndiye akose.

Harufu ya dizeli haina siri. Saa nane chifu alifika, amemleta Jairus na dereva wa Landrova, Kibiwott, na madebe matano matupu.

"Mzee Wekoye," chifu akasema, "unajua kuweka mafuta bila leseni ni makosa?"

"Kuna leseni ya njugu?"

"Usinijibu hivyo bana, mbele ya watoto."

Waliingia jikoni wakasimama kuzunguka meza, kofia mkononi, wakamwangalia akizungusha. Alipoita jina la marehemu Jairus alitazama miguu yake. Kisha akauliza gorogoro moja inatoa lita ngapi. Kibiwott alionja kwa ncha ya ulimi, akasema ni nzuri kuliko ile ya kituo cha mafuta cha Moi's Bridge. Chifu alitaka kujua kama haiwezi kutoa petroli, kwa ajili ya pikipiki yake.

"Haitoi," Wekoye akasema. "Na hii nitawapa yote. Lakini gari likae pale chini ya saiprasi, tanki limejaa. Mtu akiugua, liende Kitale. Ni hilo tu."

"Hilo ni neno la serikali," chifu akasema, na majirani waliokuwa wamekusanyika ugani wakapiga makofi. Chemutai, jirani wa ng'ambo ya mto, mimba yake imefika mwezi wa tisa, alipiga kuliko wote.

Jioni hiyo Wekoye alikula vizuri mara ya kwanza tangu msiba. Alimpakata mtoto, akamwambia, "Mkebe wako umeenda kazini, mama."

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, saa saba mchana, Chemutai alishikwa na uchungu, na mtoto akakataa kuja. Walimbeba kwa kitanda cha kamba, Wekoye ameshika mguu mmoja wa kitanda. Njia nzima aliwaambia wenzake waliobeba wasiogope, tanki limejaa, amelijaza mwenyewe.

Chini ya saiprasi palikuwa na kivuli.

"Limetoka," Jairus akasema.

"Si lina mafuta?"

"Mafuta liko nayo, mzee. Ndiyo maana limetoka."

Walipata trekta ya mahindi saa kumi kasorobo. Chemutai alifika Kitale akiwa hai. Mtoto hakufika.

Saa kumi na moja Landrova ilirudi, na jua bado liko juu. Nyuma kulikuwa na ng'ombe dume aliyefungwa miguu na makreti ya soda, vitu vya sherehe ya bwana afisa wa tarafa. Kibiwott aliteremka akamkuta Wekoye ameketi kwenye kitanda cha kamba kitupu.

"Mzee, mimi ni dereva tu."

"Nani alikutuma?"

"Niliambiwa."

"Na mwaka ule?"

Kibiwott alimtazama ng'ombe. "Mwaka ule tanki lilikuwa nusu, mzee. Ilikuwa safari hiihii, ng'ombe na soda. Niliambiwa niseme hakuna."

"Uliambiwa na nani?"

"Na Jairus."

Jairus alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi niliambiwa," akasema. "Nilipokea tu neno, kwamba semeni hakuna."

"Kutoka kwa nani?"

"Ilisemwa tu, mzee. Huko juu."

Wekoye alikwenda kwa chifu. Chifu alisema neno alilipokea likiwa tayari limesemwa, na kwamba kwa heshima ya marehemu angemshauri mzee anyamaze. Mwezi wa kwanza alipanda mpaka ofisi ya bwana afisa. Aliambiwa bwana afisa amehamishwa, na huyu mpya amekuta mambo yamekwisha kusemwa. Alirudi nyumbani, akafungua skrubu ya Memsabu, akaificha chini ya kitanda. Wiki ya pili walikuja askari wawili wakamwambia aifunge tena. Kila mwisho wa mwezi Kibiwott alikuja na madebe. Njugu zililetwa kwa gunia. Wekoye aliketi, akaliita jina la mkewe tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kwa sauti ambayo watu wa mto walikuja kuizoea kama ile ya kinu. Jina liliitwa, dizeli ikatoka, Landrova ikaenda ilikotumwa. Wagonjwa waliambiwa limetoka. Zamani waliambiwa hakuna mafuta.

Wajukuu waliendelea kuja. Kila Krismasi Sally na Khaemba walipata njugu zao, wakazimaliza kabla ya mwaka mpya. Mkebe wa Agneta ulikaa kwenye rafu, dizeli imejaa mpaka ukingoni. Hakuna aliyeumwaga, kwa kuwa ulikuwa wake, na haukupungua.

Desemba ya 1994 mtoto alikuwa na miaka sita na alikuwa anajua kusoma. Alipanda kwenye kigoda, akasoma ubavu wa mkebe kwa kidole.

"Kuka, huu ni wangu?" akamuuliza babu yake.

"Ni wako na wa Kukhu wako."

"Kwa nini wangu ni mafuta?"

Wekoye alikuwa amewaambia wengi habari hiyo kwa matusi na kwa makelele. Kwa huyu aliisema polepole, ilivyokuwa. Benchi, njugu, ng'ombe na soda. Mtoto alisikiliza akikuna goti. Babu alipomaliza, mtoto aliuliza swali moja. Mzee akasema swali hilo anajua mahali pa kulipeleka.

Walikwenda zahanati mkono kwa mkono, mtoto amebeba mkebe wake, bila kumwaga tone. Wakati huo ukutani kulikuwa na kitabu cha malalamiko, kimefungwa kwa kamba, kalamu na yenyewe kwa kamba. Karani aliuliza nani ataandika. Wekoye alimwinua mjukuu kiunoni. Agneta aliweka mkebe juu ya kaunta, akaandika kwa herufi kubwa za shule, ulimi umetoka nje, akachukua mistari mitatu.

Karani alipiga muhuri, akasema litajibiwa.

Kurasa zilizofuata zilijaa, kitabu kikabadilishwa, saiprasi ikakatwa. Nafasi ya jibu chini ya mistari ile mitatu bado ni nyeupe:

KAMA MAFUTA YALIKUWAKO NANI ALISEMA HAKUNA?