Kadi Mbili kwa Kila Mgonjwa

Enzi hizo kompyuta ilijaza chumba kizima, na ililishwa kadi. Ndiyo, kadi ngumu zenye matundu, na mtoboaji wa kadi za hospitali alikuwa mjane waliyemwita Mama Kadi. Kila mgonjwa alikuwa na kadi mbili: ya kwanza jina, ya pili kundi la damu. Ya pili haikutobolewa jina, eti kupunguza kazi. Ilitakiwa tu ikae nyuma ya mwenzake. Uvivu mtupu, na wote waliujua.

Jumatatu moja trei ya kadi ilimponyoka Mama Kadi. Kadi zikatawanyika mpaka chini ya meza. Msimamizi, aliyebandikwa jina la Pilipili kwa ukali wake, alisikika akija, na juzi tu alikuwa amemfukuza mtu kwa kosa dogo kuliko hilo. Mama Kadi akaziokota chapuchapu, akapanga jina, kundi, jina, kundi, kwa kubahatisha. Mashine ikazimeza bila kulalamika, ikatoa orodha safi, na Pilipili akaisifu. Mama Kadi akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani husikia methali akiwa na watoto wanne wa kulisha?

Jumatano asubuhi akaambiwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa amelazwa tangu Jumapili, amejifungua na damu haikatiki. Alikimbia wodini. Akamkuta nesi ameshatundika chupa ya damu. Akamsihi apime kwanza upya kundi la damu. Nesi akamjibu kwa upole kwamba hakuna muda, na kwamba orodha imetoka kwenye kompyuta, nayo haikosei kama sisi binadamu.

Sindano ikasogezwa kwenye mkono wa wifi. Mama Kadi aliogopa jamani. Aliwaza kazi, akawaza watoto, akawaza jela.

"Dada, usimwekee," akasema. "Kadi ziliniangukia. Nilizipanga kwa kubahatisha."

Nesi akairudisha nyuma sindano. "Lini?"

"Jumatatu."

Nesi hakumgombeza. Aligeuka kutazama safu ya vitanda, na Mama Kadi akageuka naye. Wagonjwa watatu walikuwa wakipokea damu, tone baada ya tone. Kitanda cha nne kilikuwa kitupu, chupa ya damu bado ikining'inia juu yake, na mhudumu alikuwa akikivua shuka.