Mchoro wa Gaudiosus

Mji wa Rwentare haukuwa na mtu aliyeujua kama Gaudiosus. Kwa miaka kumi alisukuma baiskeli ya ndizi kutoka Kituntu, mikungu mitano kwa safari moja. Magoti yalipogoma akanunua toroli, akahamia ndani ya mji, akawa anabeba mizigo kutoka kwenye malori kwenda sokoni na madukani. Alijua fuso gani ingesimama mbele ya mashine ya kusaga, saa ngapi, na nani angekwama nyuma yake. Wenzake wa toroli na baiskeli, watu arobaini na watatu, walimchagua kuwa mwenyekiti wao kwa sababu alikuwa mtu wa kusema pale wengine wanapokuna vichwa.

Alikuwa na sababu yake ya kuyachukia yale malori. Siku moja ya gulio mkewe, Restuta, mimba ikiwa ya miezi saba, alianza kutokwa damu sokoni. Gari la kumpeleka hospitali ya Nyakahanga lilipatikana, lakini lilikuwa upande wa pili wa mji, na katikati fuso mbili zilitazamana pua kwa pua, kila dereva akimtaka mwenzake arudi nyuma. Manirakiza, mbeba mizigo aliyezaliwa Burundi na kulelewa Karagwe, alimwaga chini viazi vya watu, akamlaza Restuta kwenye toroli lake, akapita naye vichochoroni mbio hadi kwenye gari. Restuta alipona. Mtoto hakupona.

Kwa hiyo ofisi ya mji ilipoitisha kikao cha ubia na kampuni moja ya usafirishaji, Gaudiosus alikwenda amevaa koti lake la kanisani. Afisa biashara, Bi Benadeta, alieleza kwamba ofisi itatoa uwanja na kutunga sheria ndogo, kampuni italeta magari na mtaji, na wananchi watatoa ushirikiano. Meneja wa kampuni, kijana mtaratibu aitwaye Mugisha, akatandaza karatasi kubwa mezani.

"Shikamoo, mzee. Tumeambiwa wewe ndiye mwenye mji. Tuonyeshe mizigo inavyotembea."

Gaudiosus alichukua kalamu. Alichora barabara ya soko, mtaro wa mashine, mteremko wa msikitini. Malori yasiingie mjini, alisema. Yaishie uwanja wa zamani wa mnada. Pale mizigo ipangwe kwa mitaa, kila mtaa na saa yake, maduka asubuhi, soko mchana. Ndani zipite guta ndogo za betri, za magurudumu matatu, zisizo na moshi wala kelele. Na zikitoka zisitoke tupu: zibebe maganda ya ndizi ya sokoni, yapelekwe vibanjani, kwenye migomba, yawe mbolea.

Mugisha alikuwa akiandika.

"Mzee," alisema, "wewe ni mhandisi."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Gaudiosus jina kubwa namna ile. Lilimwingia kama rubisi, pombe ya ndizi.

Manirakiza alisimama nyuma. "Naomba kuuliza. Sisi wa toroli tutakuwa wapi?"

"Nyinyi ndio mtakaokuwa madereva," alisema Mugisha.

"Hilo limeandikwa wapi?"

Watu wakaguna. Bi Benadeta akatazama saa. Gaudiosus akaona aibu, kama mwenye nyumba ambaye ndugu yake amemdai mgeni nyama. Akageuka. "Manirakiza, keti. Usituharibie."

Manirakiza akaketi. Gaudiosus akanyoosha mkono kukubali mpango, na mikono mingine ikafuata wa kwake. Walipotoka kila mmoja alisaini karatasi ya mahudhurio.

Miezi minane baadaye kituo kilifunguliwa kwa ngoma na maturubai. Guta kumi na mbili za rangi ya kijani zilipangwa mstari. Ubaoni palibandikwa masharti ya udereva: leseni, cheti cha kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa, umri usiozidi miaka thelathini na mitano. Katika watu arobaini na watatu walipatikana wawili. Manirakiza alikuwa amejaza fomu za kitambulisho mara tatu, na kila mara aliulizwa kwanza babu yake alizaliwa wapi. Chini ya masharti palikuwa na sheria ndogo mpya: toroli na baiskeli za mizigo ni marufuku mjini mchana.

Gaudiosus alikwenda kwa Bi Benadeta. Mama yule hakumfukuza, alimfungulia jalada. Ndani palikuwa na karatasi ya mahudhurio, saini yake juu kabisa, na juu yake yamepigwa chapa maneno: Wabeba mizigo wameridhia.

"Lakini hii ilikuwa ya mahudhurio, waitu, mama yangu."

"Mlihudhuria, mzee. Mkanyoosha mikono."

Siku hiyo hiyo Mugisha alimpa kazi: msimamizi wa lango la kuingia mjini, kizibao cha kung'aa na filimbi. Restuta alipokiona kile kizibao kitandani alikigusa kwa ncha ya kidole.

"Na wenzako?"

"Nikikataa, ataajiriwa mwingine. Mimi nikiwa ndani nitawasemea."

Restuta alikikunja kizibao, akakiweka juu ya kiti.

Mtu wa kwanza kufika langoni na toroli wiki ile alikuwa Manirakiza. Alikuwa na magunia mawili ya maharage ya mama mmoja mjane wa sokoni. Nyuma ya Gaudiosus alisimama mgambo.

"Kaka Gaudi, nipishe. Ni hapo tu."

"Ndugu yangu, sheria…"

"Sheria nimeiona. Nakuuliza wewe."

Gaudiosus alitazama chini. Mgambo akamsukuma begani: "Mzee, fanya kazi." Gaudiosus akapuliza filimbi. Ilitoa sauti nyembamba, kama kifaranga, na watu wawili watatu wakacheka. Mgambo akalikamata toroli. Manirakiza akajitwisha gunia la kwanza kichwani, akapita langoni kwa miguu, maana kichwa hakikuwa kimekatazwa.

Na mpango ulifanya kazi. Hilo ndilo lililomchoma Gaudiosus kuliko yote. Barabara ya soko ikawa nyeupe, bila lori hata moja. Gari la wagonjwa lilipita bila kupunguza mwendo. Ndizi zilifika mbichi, maganda yalienda vibanjani, na kila kitu kilitembea kama alivyochora. Wenzake walitawanyika, wengine kulima kahawa za watu, wengine kukaa. Kila alipojaribu kuwasemea, Mugisha aliitikia kwa adabu, akaandika, akaondoka.

Kisha wakaja wageni kutoka Isingiro, Kyerwa, kujifunza. Mugisha akamsimamisha Gaudiosus mbele yao. "Huyu ni mmoja wa wanufaika wetu."

Katika wageni alikuwapo mwanamke wa makamo, Kokwijuka, mwenyekiti wa wasukuma baiskeli wa huko kwao. Alimwuliza mbele ya wote: "Kaka, na sisi tukubali?"

Gaudiosus alimwona Mugisha akitabasamu, akisubiri.

"Mpango ni mzuri," alisema. "Niliuchora mimi. Lakini msinyooshe mkono mpaka majina yenu yaandikwe, moja moja, na kazi ya kila mmoja mbele ya jina lake. Na akisimama mtu wenu kuuliza, msimwambie aketi."

Kesho yake watu wa kampuni walimwomba arudishe kizibao.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Manirakiza. Alimkuta mkewe, Mukandekezi, akianika kahawa ya tajiri wao. Manirakiza alitoka nyuma ya nyumba, jembe mkononi. Gaudiosus akaeleza yote: wageni, swali, jibu lake, kizibao.

Manirakiza alisikiliza hadi mwisho.

"Umewaambia watu wa Isingiro," alisema.

"Ndiyo."

"Vizuri. Watafaidika." Akalitupa jembe begani. "Mukandekezi, mpe mzee maji."

Alikuwa hajawahi kumwita mzee; siku zote alimwita kaka. Akashika njia ya shambani bila kuaga. Gaudiosus alibaki na kikombe, Mukandekezi akigeuza kahawa kwa reki na kumpa mgongo. Alikunywa maji yote, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akakiweka kikombe kwenye jamvi, akaondoka.