Fulana Sitini za Angélique

Tangu madaktari walipogundua kwamba mke wangu Angélique ana saratani ya titi, watu wa mtaa wetu wa Ruashi walianza kumpa heshima ambayo hawakuwahi kumpa alipokuwa mzima. Waliteremsha sauti kila alipopita. Walimletea mapapai. Kwaya ya parokia, ambayo aliianzishia nyimbo kwa miaka kumi na tisa, ilimwandikia barua ya kumshukuru "kwa yote aliyotenda" na kumpumzisha. Nafasi yake ilipewa Mama Laurentine, mwanamke mwenye bidii kuliko sauti.

Angélique alimaliza matibabu mwezi wa Mei, na tangu hapo alitaka jambo moja tu: kurudi mbele ya kwaya. Ndiyo maana, yalipotangazwa matembezi ya hisani kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, ambayo yangeishia katika ua wa parokia Jumamosi saa kumi, saa ya mazoezi ya kwaya ya kila Jumanne na Jumamosi, yeye alijiandikisha wa kwanza.

"Banione natembea kilometa tano," alisema. "Kisha baseme tena niko mugonjwa."

Mimi sina imani na matembezi. Katika miaka thelathini ya kufundisha historia sijakutana na ugonjwa uliorudi nyuma kwa kuwaona watu wakitembea. Nilikwenda kwa sababu ilibidi mtu abebe maji.

Fulana zilikuwa kazi ya Faustin, mdogo wake Angélique. Alitaka umma uone sura ya mgonjwa halisi, basi akapeleka picha ya dada yake kwa mchapishaji wa mtaani. Mchapishaji huyo, kama wenzake wote mjini, huishi kwa fulana za msiba, naye alifanya alivyozoea. Siku ya matembezi tuligawiwa fulana sitini nyeupe zenye sura ya mke wangu ndani ya duara jeusi, matawi mawili ya mitende chini yake, jina lake kamili, mwaka 1971, na kistari. Baada ya kistari palikuwa wazi.

"Faustin," nilisema, "hapa palipo wazi ni pa nini?"

"Beau-frère," alijibu shemeji yangu, "nilimuambia ule muchapishaji yaya Angélique eko muzima. Njo maana akaacha nafasi."

Angélique aliichukua fulana, akaisoma hadi kwenye kistari. Kisha akaivaa.

"Twende. Saa inapita."

Mbele yetu ilitangulia fanfare, bendi ya matarumbeta, ambayo nayo hupata riziki yake makaburini na haikujua mwendo mwingine. Hatukumaliza mita mia tatu kabla magari hayajaanza kwenda polepole. Wanaume walivua kofia. Muuza unga mmoja alivuka barabara, akamshika Angélique mkono.

"Mama, pole. Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa."

"Na huyu wa kwenye picha?"

"Ni miye."

Muuza unga akaitazama picha, akamtazama Angélique, akairudia picha. Machozi yakamtoka.

"Masikini! Mulikuwa mapasa!"

Akaingia katika msafara kumlilia huyo pacha. Wengine wakamfuata, kwa kuwa katika mji huu mfiwa haachwi atembee peke yake. Kufikia kilomita ya tatu tulikuwa watu mia mbili, na kati yetu sitini walijua tunakokwenda.

"Unaona mobilisation, beau-frère?" Faustin alininong'oneza.

Nilimjibu kwamba naiona.

Kwenye kilomita ya nne Angélique alianza kuvuta mguu. Nilimsihi apumzike kidogo, naye akaniita kwa jina la mtoto wetu:

"Papa Gracia, nikikaa chini hapa, batanibeba. Na unajua batanipeleka wapi."

Nilimpa maji, akanywa huku anatembea.

Habari ilikuwa imetutangulia. Tulipoingia katika ua wa parokia, kwaya ilikuwa imekwisha kujipanga, vitambaa vyeusi begani, Mama Laurentine mbele, macho mekundu. Alipoiona fulana ya kwanza aliinua mkono, akaanzisha wimbo wa kumsindikiza marehemu. Aliuanzisha juu mno. Kukifikia kiitikio kungehitaji ngazi.

Angélique alipenya katikati ya matarumbeta.

"Simameni! Nani aliwapa ile noti?"

Wanakwaya wawili walifanya ishara ya msalaba. Israël, mpiga ngoma, aliruka ukuta, na inasemekana hakugeuka nyuma hadi alipofika Annexe, pembezoni mwa mji.

"Yaya Angélique," Laurentine alisema taratibu, "tulisikia ulikufa."

"Mulisikia vibaya, na munaimba vibaya. Wimbo iko bulongo, iko muzuri, muushushe kidogo tu. Mukinizika na ile sauti, nitatoka mu sanduku nirudie kwangu."

Akaanzisha mwenyewe. Waliimba beti zote nne za maziko yake, naye akiwaongoza kwa kidole, akiwakatiza mara mbili kuwasahihisha sauti ya pili. Waombolezaji tuliowaokota njiani walilia kwa dhati. Mimi nilishika chupa ya maji ambayo hakuna aliyeiomba tena.

Walipomaliza, Laurentine alilifunga daftari la nyimbo na kumkabidhi Angélique. Hakutabasamu.

"Mardi, saa kumi. Usichelewe."

Kwa miezi saba hakuna mtu aliyethubutu kumwonya mke wangu asichelewe. Alilalamika njia nzima hadi nyumbani: yeye, kuambiwa vile, tena na Laurentine!

Jumanne, saa nane, alikuwa ameketi mlangoni na daftari mapajani, amevaa fulana yake, akiniuliza saa ngapi.