Kilomita Nne za Quito

Karatasi aliyoileta Mzee Longino ilikuwa na mistari mitatu tu. Ilisema kwamba Vumilia, mkulima wa kahawa wa Bugendana, Burundi, akishamaliza mkutano wa wanawake wakulima huko Quito, mji mkuu wa Ekwado, atakaa hotelini Jumamosi yote mpaka gari la uwanja wa ndege limfuate Jumapili. Chini ilikuwa imeachwa nafasi ya sahihi yake.

"Ukisaini hii, na mimi napiga mhuri barua yako ya viza," alisema Longino, mwenyekiti wa ushirika. "Kesho kutwa ndiyo mwisho wa kuituma."

"Na Jumamosi niangalie ukuta?"

"Ulale. Utakuwa umechoka."

Thomas, katibu, alicheka. "Kwani huko ana shangazi? Mtu anatoka kwake kwenda kuzika, kwenda harusini, au kupeleka pombe kwa wakwe. Huyu anapanda ndege kwenda kutazama."

"Ndiyo," Vumilia alisema. "Kutazama."

Akaikunja karatasi bila kuisaini, akaomba apewe siku moja.

Siku hiyo aliitumia kwenda Muyinga kupimwa koti, kwa kuwa Quito imekaa juu milimani na baridi yake si ya khanga. Fundi wake alikuwa Fatuma, mke wa Hamissi muuza vitambaa. Walifahamiana tangu mwaka ule Vumilia aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Ngara, Tanzania, na mvua ikamkamata Muyinga na mizigo yake. Fatuma alimfungulia mlango bila kuuliza jina.

Fatuma alipokuwa akimpima mabega, daftari la Vumilia lilikuwa wazi juu ya meza ya cherehani. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Ramani ya Quito aliichapisha mjini Gitega, akaibandika ukurasa wa kwanza. Kila mahali pa kuona alipaandikia dakika za kutembea, akizipima kwa mwendo wake wa kutoka nyumbani hadi kituo cha kuoshea kahawa. Kanisa la zamani, dakika kumi na mbili. Uwanja wa mawe, dakika nane. Kilima chenye sanamu ya Bikira Maria mwenye mabawa, dakika arobaini na tano, kwa sababu ya mlima.

Fatuma aliweka kidole juu ya ramani. "We, hii duara iko ya nini? Umekata shingo ya gauni?"

"Ni kilomita nne kutoka hotelini. Nilipima kwa uzi."

"Na kwa nini nne?"

"Ndiyo mwisho."

"Mwisho ya nini?"

Fatuma alikuwa ameshashuka chini ya ukurasa. "Na hapa: saa mbili, ofisini, kuchukua kibali. Ofisi ya nani? We uko na ofisi kule Quito?"

Hapakuwa na ofisi. Vumilia aliyatazama maandishi yake mwenyewe kama yameandikwa na mtu mwingine. Kambini, mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita nne bila karatasi yenye mhuri. Alikulia humo mpaka akawa na miaka kumi na tisa. Sasa ilikuwa miaka kumi na minne tangu arudi. Alikuwa na nyumba, na miti mia sita ya kahawa. Hakuna aliyemwambia achore duara. Mkono ulichora wenyewe.

Fatuma hakucheka. "Mi nilikuwa nauza vitenge soko ya kambi," alisema. "Mulikuwa munafika pale kwenye jiwe ya mpaka, munageuka, kama mbuzi ya kamba." Akarudisha utepe mabegani pa Vumilia. "Sikiliza, mdogo wangu. Koti nitakushonea ya kutembea. Kama ni ya kulala hoteli, beba tu blanketi."

Vumilia alipofika nyumbani alifungua ukurasa mpya. Kanisa alilibakiza, na Maria mwenye mabawa alimbakiza. Ofisi aliiondoa. Kisha akaongeza mahali alipokuwa amepasoma tangu wiki ya kwanza na kupapita haraka: mnara wa mstari wa ikweta, kaskazini mwa mji, kwa basi. Mwalimu wao kambini aliwahi kuuchora mstari huo ubaoni, akasema mtu anaweza kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Vumilia aliuliza askari wa mstari huo wanakaa upande gani. Darasa zima lilimcheka. Mwalimu alisema hauna askari.

Asubuhi alimkuta Longino peke yake ofisini. Aliiweka ile karatasi mezani, nafasi ya sahihi ikiwa tupu, na juu yake mpango wake.

"Sitasaini, Mzee."

Longino aliusoma mpango polepole, kama alivyokuwa akisoma vibali enzi za Ngara, alipokuwa kiongozi wa bloku yao, mtaa mmoja wa kambi. Vumilia alijua kwa nini ile mistari mitatu iliandikwa. Kastori, mdogo wake Longino, alikamatwa kilomita ya sita akitafuta kuni, akafungwa miezi minane. Alijua, na bado hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Huu mnara uko umbali gani?"

"Kilomita ishirini na sita."

"Ishirini na sita," Longino alirudia. "Lugha yao huijui. Na ukipotea?"

"Nitauliza njia."

"Naweza kumtuma Thomas badala yako."

"Mkutano ni wa wanawake. Na mhuri ukiukataa, nitazunguka kwa wanachama wote, mlango kwa mlango, niwaambie kwamba Mzee Longino bado anagawa vibali."

Mzee akavuta droo, akatoa mhuri. Wino ulikuwa umekauka, akaupulizia mhuri pumzi mara mbili kama zamani, akaugonga kwenye barua ya viza.

Kambini watu walimshukuru Mzee kwa kila karatasi, wengine kwa kupiga magoti. Vumilia alichukua barua yake, akahakikisha mhuri unasomeka, akaiweka ndani ya daftari na kutoka. Ile ya mistari mitatu aliiacha mezani.