Mchele wa Mwaka wa Kondoo

Shangazi Shuilan alinisimulia safari hii mwaka ule aliporudi kuishi kwetu. Alikuwa anachambua maharage, na hakuinua macho hata mara moja.

Yeye na mumewe, Mjomba Guisheng, walikuwa watu wa mashua. Miaka thelathini walilala, wakapika na kugombana ndani ya mashua moja ya tanga, hatua kumi na mbili toka omo mpaka tezi, wakipakia mikeka ya matete Yueyang na kuteremka nayo mtoni kuiuza Hankou. Mwaka 1956 ikatangazwa kwamba baada ya mavuno mashua zote zitakuwa za ushirika. Mjomba akataka wafanye safari moja ya mwisho. Alikuwa amekonda, na kila akikohoa aligeuzia uso majini.

Mikeka yote iliisha Hankou. Shangazi akangoja wageuze kurudi juu, lakini Mjomba alipandisha tanga akauacha mto uwachukue chini zaidi. Alipoulizwa, alisema kuna mtu wa kuonana naye Wuhu. Shangazi akadhani ni mganga, maana hata yeye kile kikohozi kilimtia hofu.

Walipoupita mji wa Jiujiang, upepo wa mashariki uliwakabili, wakafunga mashua kwenye matete siku nne. Siku ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, Shangazi anamenya figili chini ya turubai. Mjomba akasema, "Mtoto wetu hakufa."

Walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, binti. Katika mafuriko ya mwaka wa Kondoo kwa kalenda yetu, yaani 1931, alikuwa na miezi minane, na Shangazi aliugua homa hata hakujitambua siku nyingi. Alipozinduka aliambiwa mtoto amezikwa kwenye tuta la mto. Tangu hapo, kila msimu wa kuzuru makaburi, alikwenda kwenye tuta lile kumchomea karatasi, sadaka ya wafu. Sasa anaambiwa mtoto alichukuliwa na wauza chumvi wa Wuhu, mtu na mkewe wasiojaliwa kuzaa, kwa nusu gunia la mchele.

"Ule uji uliokuwa unaninywesha?" Shangazi aliuliza.

"Ndio huo."

"Na miaka yote hiyo nilipokuwa nachoma karatasi, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakushikia mwavuli."

Shangazi alimaliza kumenya figili. Akaipika, wakala.

Siku nane zilizofuata hawakusemezana. Mashua ile haikuendeka na mtu mmoja, kwa hiyo Mjomba alishika usukani, Shangazi akashika kamba za tanga, na palipohitajika neno walitumia mkono. Aliniambia alipanga kushuka katika kila bandari waliyopita, na kila bandari ilipofika kulikuwa na kamba ya kuvuta.

Wuhu waliulizia wauza chumvi, wakamkuta binti yao kwenye uchochoro nyuma ya soko la samaki. Wauza chumvi walikwishafariki. Jina lake sasa lilikuwa Meifeng, anafanya kazi kwenye kinu cha mchele, ana mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni akawatazama, wala hakuwakaribisha ndani.

"Mama aliniambia nilipokuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Nilijua iko siku mtakuja. Baadaye nikaacha kungoja. Ni nani kati yenu aliyenitoa?"

Mjomba alifungua mdomo, kikohozi kikambana. Shangazi aliniambia hapo ndipo alipokuwa na nafasi yake. Neno moja tu lingetosha.

"Mchele niliula mimi," alisema.

Meifeng alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Basi ulikufaa," alisema. Akawaambia zamu yake inakaribia. Aliingia ndani, akatoka na samaki wawili wakavu waliofungwa kwa ugwe, akampa Shangazi mkononi, halafu akafunga mlango.

Kupanda mto kuliwachukua karibu miezi miwili. Mjomba alikata roho kabla hawajafika Hankou, asubuhi, amekaa ameegemea mlingoti. Nilimuuliza Shangazi kama alikuwa amemsamehe. Alisema siku za mwisho alikuwa anamlisha kwa kijiko, na kwamba anajua hilo silo nililomuuliza. Waendesha mashua wenzao walimsaidia kufika Yueyang, akaikabidhi mashua kwa ushirika na kupewa hati.

Miaka miwili baadaye ikaja barua kutoka Wuhu, imeletwa na waendesha mashua. Meifeng aliuliza alizaliwa tarehe gani, kwa kuwa waliomlea hawakuwahi kuijua. Shangazi hakujua kuandika, akanikalisha mezani na kunitajia maneno: siku ya sita ya mwezi wa kwanza, alfajiri, ndani ya mashua, theluji imefunika turubai, na ulikuja ukiwa kimya mpaka nikaogopa. Alinifanya nimsomee mara tatu kabla hatujaifunga.

Barua nyingine haikuja.